Springi ya Kasimiri

Ndugu zangu wa mtaa huu wa Ng'ambo, nisikilizeni, wala msitegemee upole.

Kwa Kasimiri mhunzi asubuhi palikuwa pa amani. Mivukuto ikivuma, mkewe Veneranda akichambua maharage. Velji mwenye duka alikuwa na Landrova ya kubebea asali kutoka Ipole, na njia ile ya zamani ya misafara ina makorongo yasiyo na huruma. Kasimiri akaifulia springi zake mwenyewe, nene, zilizopindwa zaidi. Gari likainuka, likavuka mito. Watu wakamsifu, na sifa zikampeleka kwenye wanzuki, pombe ya asali tunayojidai kuwa si pombe!

Jumamosi moja Dionis, dereva wa Landrova ile, alileta springi iliyokatika. Kesho yake gari lilikuwa liende Ipole kumchukua Eustadia, binti wa Kasimiri na Veneranda, limpeleke hospitali ya Sikonge kujifungua. Mimba yake ya kwanza ilikwishaharibika.

Kasimiri akafua springi mpya, akaitumbukiza ingali nyekundu ndani ya mafuta. Kazi haijaisha hapo. Chuma kilichopozwa ghafla huwa kigumu kama chungu, na kama chungu hupasuka. Sharti kirudishwe motoni polepole, mpaka ukikisugua kwa kijiti kikavu, kijiti kifuke moshi. Hata mimi mjane nalijua hilo, maana ua wangu umepakana na wao.

Mara Twalibu, mnywaji mwenzake, mlangoni: "Fundi! Kibuyu cha wanzuki kinachachuka, wewe unabembeleza chuma kama mchumba?"

"Baba Eustadia, hujakirudisha motoni," alisema Veneranda.

"Tangu lini mwiko ukaifundisha nyundo?" Kasimiri akamjibu.

Wakacheka, na ninyi mliokuwa barazani mkacheka nao, wakaondoka. Mimi nilisikia yote, nikanyamaza.

Alfajiri Kasimiri akaifunga springi ile garini, mdomo ukimnuka pombe.

Jumatatu Dionis alirudi juu ya lori la tumbaku, mkono umefungwa kitambaa. Akamwekea Kasimiri kipande cha chuma miguuni.

"Tazama, fundi. Kimekatika kama kigae, tumeshampakia Eustadia, gari likalala ubavu korongoni. Mtoto alikufa tumboni. Eustadia akamfuata kabla hatujapata msaada."

Veneranda akakiokota kile kipande. Akakaa nacho chini.

Na jioni, matangani, Twalibu akaja na kibuyu! "Mpeni fundi apoze moyo." Na Kasimiri, Mungu anirehemu kwa kulisema, akanyoosha mkono akakipokea.

Veneranda akakunja mkeka wake. "Mimi naenda kwa kaka zangu Goweko," akasema. "Mzike mwanao ukimaliza pombe yako."

Hajarudi. Mivukuto imeliwa na panya, na Kasimiri analala popote kibuyu kinapomwachia.

MAFUNZO

Kazi iliyoachwa nusu kwa ajili ya pombe ni mauaji, hata kama muuaji hakuwapo. Anayemwita fundi kabla hajamaliza ameshika nyundo pamoja naye. Na jirani anayemsikia mke akisema kweli, akanyamaza asije akaitwa mmbea, ana sehemu yake. Mimi yangu nimeiungama kwa padri, nimepiga magoti na kulia. Ninyi mliocheka, yenu mmeipeleka wapi?