Jina la Ruthi Kwenye Fumbo Langu

"Mshindi wa cherehani... Ruthi Fanueli, Tanga!"

Shemeji yangu Sadalla alisoma kwa sauti, gazeti limemfunika uso mzima. Nikamwambia arudie. Akarudia!

Jamani, nilimpokonya gazeti nikasoma mwenyewe.

Maana fumbo lile nililifumbua mimi. Mimi Saleha, kwa mkono wangu, kisanduku kwa kisanduku. Ruthi nilimtuma posta tu!

Ngojeni nianze mwanzo, na mtu asiniandikie hapo chini "bibi fupisha". Nina miaka themanini na minane na naandika kwa kidole kimoja. Vumilieni.

Ilikuwa 1957, Chumbageni. Mume wangu Kombo alikuwa karani bandarini, na ugonjwa wetu sote wawili ulikuwa fumbo la maneno la gazetini. Kila wiki tunagombania penseli. Mmoja akikwama, mwenzake anacheka mpaka chai inapoa.

Kombo akashikwa na homa. Siku nne tu, hayupo.

Nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi, mjane hatoki nje. Mimi hata dirishani nilikuwa sisogei.

Mwezi wa pili wa eda Sadalla, ndugu yake Kombo, akaja kutoka Pangani. Mwanangu Mwanamkasi, wa miaka minne, alikuwa amekaa mapajani pangu.

"Shemeji, eda ikiisha mtoto namchukua."

"Unampeleka wapi?"

"Kwetu. Wewe huna kazi. Utamlisha nini? Mafumbo?"

Akacheka! Nililia siku ile mpaka macho yakavimba. Nilikuwa sina baba, sina kaka, sina wa kunisemea.

Wiki iliyofuata gazeti likatangaza shindano la fumbo kubwa. Zawadi ya kwanza: cherehani mpya ya kukanyaga kwa miguu...

Na mimi kushona nilikuwa najua! Nikiwa na cherehani ndani, nani tena angeniuliza mtoto atakula nini?

Nililiinamia lile fumbo siku tano. Wali uliungua mara mbili. Nikamaliza maneno yote, likabaki moja: "Huvusha watu mtoni, herufi saba."

Nikaandika MTUMBWI. Likakataa. Herufi ya tatu ilikuwa N, imeshuka na neno la juu. Nikafuta, nikaandika, nikafuta, mpaka karatasi ikaanza kutoboka. Halafu nikajikumbuka nimesimama mtoni Pangani na mizigo kichwani, nakwenda ukweni...

PANTONI!

Nilipiga kelele mpaka mtoto akaanza kulia.

Sasa nani alipeleke posta? Mimi siruhusiwi hata kukanyaga kibarazani. Nikamwita Ruthi, jirani yangu wa ua mmoja, Mlutheri wa Lushoto, muuguzi wa hospitali. Yule alikuwa zaidi ya ndugu. Kombo alipokata roho, Ruthi ndiye aliyenishika.

"Mimi sina sanduku la posta," nikamwambia. "Kata fumbo, hicho kipande cha chini kikate utupe, jaza jina langu na anwani yako ya kazini, utume."

"Haya dada, lete."

Aliporudi akasema, "Nimetuma." Hakuniangalia usoni. Nikadhani kachoka na zamu.

Basi tulikaa tunangoja. Eda ikabaki wiki tatu. Ndipo Sadalla akaja na lile gazeti.

Nikamtuma mwanamke wa chumba cha pili agonge kwa Ruthi. Akarudi mbio.

"Kuna kufuli! Kapanda basi la Dar es Salaam asubuhi, na kikapu."

"Kaenda kuchukua cherehani," akasema Sadalla, taratibu. "Kafiri gani huyo! Ungepiga telegramu kwa mhariri, wangemzuia."

"Nitatokaje, shemeji? Niko edani."

"Mimi sijasema kitu."

Lakini aliinama, akanisogezea ndara zangu karibu na miguu.

Wanangu... nilizivaa!

Nilijifunika buibui, nikatoka jua la saa nne, nikakata mtaa mzima watu wananitazama. Mwanamke mmoja akasema, "Yule si mjane wa Kombo?" Sikugeuka. Posta nikaandika: MSHINDI MWIZI. FUMBO NI LANGU. SALEHA.

Nilirudi nyumbani nimeshiba hasira, na roho yangu inafurahi. Nasema kweli, ilifurahi.

Ruthi alirudi Jumapili. Mikono mitupu.

"Cherehani iko wapi?" nikamrukia. "Mwizi wewe! Uliyemlisha mtoto wangu kwa mkono wako!"

Ruthi aliweka kikapu chini. Alitoa kwenye kikapu kipande cha gazeti, kile cha chini nilichomwambia akikate akitupe. Akanipa.

Masharti ya shindano. Maandishi madogo kama chawa, mimi kwa haraka zangu sikuyasoma.

"Mshindi afike ofisini mwenyewe ndani ya siku nne tangu jina lake kutangazwa gazetini. Asiyefika, zawadi itapewa wa pili."

"Niliyaona pale dirishani posta," Ruthi akasema. "Ilikuwa siku ya mwisho ya kutuma. Nikasema dada yuko edani, atafikaje Dar es Salaam? Nikaandika jina langu, la kuchukulia tu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utakata tamaa. Nikasema tukishinda nitamletea cherehani mpaka mlangoni. Gazeti nimeliona kazini, basi linaondoka... nikakimbia."

"Na cherehani?"

"Mhariri kanionyesha telegramu. Kaniuliza, fumbo umelifumbua wewe? Nimeshindwa kusema uongo, dada. Wamempa wa pili."

Nilikaa chini kwenye vumbi.

Na hayo si yote! Kesho yake Sadalla akaja na wazee wa ukoo. Hawakunihoji kuhusu chakula wala kazi. Waliuliza swali moja: "Ulitoka edani, hukutoka?"

Nikasema nilitoka.

"Aliyeshindwa kumheshimu marehemu hawezi kulea mtoto wa marehemu," akasema Sadalla. Yule aliyenisogezea ndara!

Mwanamkasi aliondoka nao siku ileile. Alining'ang'ania shingoni, ilibidi wamfumbue vidole kimoja kimoja.

Baadaye mke wa shehe aliniambia mjane mwenye dharura anaruhusiwa kutoka mchana. Ningeuliza tu. Lile fumbo ningelipeleka mwenyewe, na masharti ningeyasoma pale pale. Lakini kwa ajili ya mwanangu sikutoka. Kwa hasira nilitoka.

Wewe uliyeshika simu saa hizi, umeshaandika meseji ya kumchana mtu, bado kubonyeza tu... Mpigie kwanza. Msikie anasemaje.

Na wewe Mwanamkasi, najua unasoma humu. Miaka yote nimekwambia Sadalla alikunyang'anya, na Ruthi aliniibia. Ruthi hakuniibia kitu, mwanangu. Telegramu niliandika mimi.