Nyeupe ya Tatu

Kisomaneva, mashine ya hospitali ya wanawake, kilishuka taratibu kutoka darini, kikakunjua vidole vyake vya kioo juu ya nyonga za Mwanamvua Kilua, kikaanza kusoma. Hakikumgusa. Kilisikiliza neva zake kwa sumaku, kisha kikatoa hukumu kwa rangi: nyekundu, ana maumivu; nyeupe, hana. Tanga nzima ilikiita Bibi Mkweli. Aliyepata nyekundu alipasuliwa kesho yake na roboti mpasuaji. Aliyepata nyeupe alirudi kwake, na huko kwake akasemwa mpaka akome.

Mwanamvua alikwisha kupata nyeupe mbili. Kwa sheria ya hospitali ile ya wanawake, nyeupe ya tatu ingemfungia mlango wa upasuaji maisha yake yote.

Mhandisi Tunu Mhando, mkaguzi wa mashine, alikuwa amesimama pembeni akimtazama kwa jicho la shaka. Aliletwa kuchunguza kama wapo wanawake wanaojua kuihadaa mashine, na huyu, kusema kweli, hakumwingia akilini. Mtu gani aumwe nyonga miaka yote hiyo, halafu aje amepaka wanja, kanga imepigwa pasi, na bado ana nafasi ya kuwaulizia wauguzi watoto wao?

"Habari za afya, Mwanamvua?" mashine ikauliza kwa upole.

"Nzuri, namshukuru Mungu," akajibu. Akavuta pumzi. "Ila leo nimetoka kitandani kwa kutambaa. Nikiwa katika siku zangu ndiyo hatari kabisa. Hata haja nashindwa."

Taa ikawaka nyeupe.

"Basi, mama, vaa viatu," akasema Daktari Kiangi, aliyeisimamia mashine tangu inaanza. Akamgeukia Tunu. "Unaona? Anajitia mgonjwa tu."

Tunu alikuwa anatazama picha ya neva kwenye kioo cha ukutani. Neva za nyonga zilikuwa zinawaka, kila uzi, mpaka mgongoni. Mashine ilikuwa inauona moto ule wote, na bado inauita afya. Hapo shaka yake ikamhama mgonjwa, ikamwangukia daktari.

"Daktari, mlipokuwa mnaifundisha hii, mliwauliza nini wanawake?"

"Habari za afya. Maelfu walilala hapa. Tukaoanisha jibu la kila mmoja na neva zake."

"Jibu lipi?"

"La kwanza, bila shaka. Yaliyofuata yalikuwa maneno mengi tu."

Maneno mengi tu! Nani huku kwetu anaanza na ugonjwa wakati hata salamu haijaisha? Mtu anabebwa kwenye machela na bado anasema nzuri, ndipo aseme kinachomuua. Kiangi mwenyewe alizaliwa na kukulia Pongwe, hapa hapa Tanga. Asubuhi ile ile Tunu alimkuta ameshika shavu kwa jino, akamjulia hali, akaambiwa salama kabisa. Lakini alipovaa koti jeupe, jibu la adabu akaligeuza kipimo.

Kumbe wanawake waliolala hapa na nyama ya mji wa mimba imeota nje ya mahali pake, inavuja damu kila mwezi na kunasa neva, ndio hao hao walioifundisha mashine kwamba moto ule ndio uzima.

"Tutairekebisha," Kiangi akasema, sauti imeshuka. "Polepole, bila kelele. Huyu mama lakini rangi yake imeshatoka."

"Haijatoka mpaka mkaguzi aikubali," Tunu akasema.

Akaenda ukutani, akaweka kiganja kwenye kitasa cha ukaguzi. Kisomaneva kikakunja vidole vyake, kikanyamaza, na nyeupe ile ikazimika nacho. Kiangi alitoka bila kuaga, pengine kwenda kumshtaki. Tunu hakumjali. Akavuta kiti mpaka kitandani.

"Utapasuliwa, dada. Nitasaini mwenyewe kwamba rangi yako ni nyekundu. Sasa nieleze, na usinifiche kitu."

Mwanamvua hakufurahi. Alimtazama juu mpaka chini, kama mtu aliyerudishiwa mali yake na mwizi.

"Kwa nini leo?"

"Kwa sababu mashine ilikosea."

"Ilikosea kwangu peke yangu?"

Tunu akatikisa kichwa. Alitaka kusema pole, akaona aibu.

"Mimi nilikuwa najua naumwa," Mwanamvua akasema. "Mnipe nyeupe, mnipe kijani, mwili ni wangu. Mdogo wangu, Mwanaisha, ndiye aliyepewa nyeupe akaiamini. Mumewe akaiamini, mama akaiamini. Siku hizi hasimami, anajikunja chini siku nzima, jasho linamtoka. Ukimuuliza una nini, anakwambia hana kitu, na hasemi uongo. Anaona kweli hana kitu."

"Mlete," Tunu akasema.

"Nimlete nimwambie nini? Kwamba anaumwa?"