Superviseur Wangu Alitoboa Siri ya Kavira!

Ndugu basomaji, niko na miaka makumi tatu na saba, mujane, mama ya batoto wawili. Kazi yangu ni psychologue hapa Beni. Batu bananiletea machozi yao, mi nasikiliza. Na mi pia nilikuwa na mukubwa wa kunisikiliza: superviseur, docteur mumoja wa Butembo. Nilikuwa naenda ku bureau yake, namwelezea kazi, ananisahihisha. Nilimwamini kama baba...

Kwangu, mu mutaa wa Bungulu, alikuwa anakuja mwanamuke kijana. Nitamwita Kavira, haiko jina yake. Bwana yake aliuawa pamoja na majirani ku mashamba kule Kasugho, njo akakimbia na shemeki yake, ndugu ya marehemu. Ule shemeki alikuwa mupole sana! Anamuleta, anamungojea inje, anamubebea mwamvuli. Batu wote walimusifu.

Mais... kila Kavira aliposema "shemeki ananitunza muzuri", koo yangu ilifunga. Yeye anacheka, mi nataka kulia. Maneno yake yalikuwa sawa, mwili wangu ulikuwa unakataa. Ile ni nini, ndugu zangu?

Nilipeleka ile jambo kwa Docteur. Si njo kazi ya supervision, kuweka pale hata kitu yenye hauwezi kuelezea? Nikamutaja ule shemeki jina, nikamwambia sina neno la kushika mukononi, nasikia tu, huyu mwanaume ananitisha.

Akacheka.

"Masika, ule woga ni wako. Weye ni mujane, kila mwanaume mwenye anakaribia mujane unamuogopa. Mwili haiko preuve, haiko ushahidi. Acha ile."

Donc niliacha. Hata pale mbele yake koo ilinifunga tena... nikawaza ni heshima tu!

Kisha Kavira hakuja. Nikangoja, hakuja. Nikaenda kwake: nyumba tupu! Jirani, mama muuza makala ya kupikia, akaniambia shemeki alimuchukua kwenda mbali, Manguredjipa, amejaa kasirani, anasema psychologue anamuchafulia jina.

Nani alimwambia? Ile neno nililisema kwa mutu mumoja tu!

Nilifika Butembo, nikamuuliza Docteur. Hakukana. Eti shemeki ni ndugu yake wa kanisa, alitaka tu kumuonya kwa upole. Mungu wangu! Nililia pale pale, mbele ya mulinzi wake.

Kavira alitoroka wakati wa mavuno ya maharagi. Alirudi amekonda, na mimba. Shemeki alikuwa amemufunga mu nyumba, akamufanya bibi yake kwa nguvu. Na tangu Beni alikuwa anamutisha: ukisema neno, nitakurudisha kule walimuulia bwana yako. Kumbe alikuwa anakaa karibu na dirisha yangu kusudi asikie!

Niliomba musamaha, nikamwambia yote niliyosikia mu mwili. Akaniuliza:

"Yaya Masika, kama ulisikia, juu ya nini haukuniuliza miye?"

Nikamupeleka kwangu.

Nilimushitaki Docteur kwa wakubwa wake. Mpaka leo angali mu kiti chake. Kavira amezaa mutoto mwanamuke, anaishi kwangu, hapendi mulango ifungwe.

Wenzangu wa kazi hii, nawasihi! Mwili unajua kama kuna kitu, hausemi ni kitu gani. Usiumeze ule woga, na usiukabizi kwa mukubwa ili akuamulie. Fukuza yule anayengoja inje, kaa na mwenye maumivu, muulize yeye mwenyewe. Akikataa, ngoja, muulize tena. Mi sikuuliza hata mara moja!