Vidonge Ndani ya Sanduku la Vifungo

"Hodi. Hapa ni kwa fundi cherehani?"

Mwanamke mgeni alisimama mlangoni, mkoba begani. Mama Chai, muuza chai na mke wa fundi, aliweka birika chini akamkaribisha. Mgeni alisema yeye ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo kutoka hospitali. Amekuja kumwona fundi.

Fundi alikuwa ameketi tu mbele ya cherehani. Tangu apate kiharusi, mkono wake wa kulia ulilala pajani kama wa mtu mwingine.

"Ile mashine ya sumaku ya kuamsha ubongo, inayowekwa kichwani, unaendelea nayo?" aliuliza mgeni.

"Kila wiki. Inagonga kama kigogota, lakini naivumilia. Mke wangu anasema inanitoa ujinga."

"Ujinga wako hauna mashine," alijibu mkewe.

"Na vidonge?"

Mama Chai alichukua sanduku la vifungo. Akalifungua. Vidonge vya wiki tano vilikuwa humo.

"Vilimfanya asinzie mchana kutwa. Nikaona, mashine imeanza, vidonge vya nini tena? Nikamwambia mume wangu kwamba daktari kavisimamisha."

"Wiki tano, mke wangu," alisema fundi polepole.

Mgeni hakugomba. "Fundi, suti iliyokunjamana unaipigaje pasi?"

"Nanyunyiza maji. Napitisha pasi. Kisha naikunja vizuri kwa mkono."

"Ubongo ulioumia unaweza kujifunza njia mpya. Dawa ni yale maji, mashine ni pasi, mazoezi ni mkono. Bado tunachunguza vitatu hivi pamoja vinasaidia kiasi gani. Siwaahidi kupona. Lakini dawa ikimsumbua, mwambieni daktari, msiiache wenyewe. Na sasa asiianze tena mpaka daktari amwone."

"Wiki hizo zinarudi?"

"Hazirudi, dada."

Mama Chai alijifuta macho kwa kanga. "Basi kila asubuhi nusu saa ya mazoezi nitakaa naye. Naahidi."

Asubuhi ndiyo saa ya wateja wake wa chai.

Daktari alihamishia dawa jioni, na usingizi ukapungua. Baada ya miezi miwili, vidole viwili vilianza kushika. Wagonjwa wengine walioanza matibabu pamoja naye walikuwa wamemtangulia. Mama Chai aliwaona kliniki, akainamisha kichwa.

Asubuhi moja fundi alikuwa akisukuma sindano kwenye tundu la kifungo cha shati kwa vile vidole viwili. Mteja akagonga dirisha.

"Mama Chai, leo hakuna chai? Nakwenda kwa jirani."

"Nenda, baba," alijibu bila kuinuka. Alilishika shati lisiteleze.

Sindano ikatokea upande wa pili.