Njia ya Maji Katika Shamba la Mutahi

Kila asubuhi Wamucii aliamka kabla ya mumewe. Aliwasha moto na kuteleka chai. Kisha alichukua mtungi wa lita ishirini na mkanda wake wa ngozi, akateremka mtoni.

Mkanda ulifungwa kwenye mtungi, halafu ukavalishwa kichwani, juu kidogo ya paji la uso. Mtungi ulikaa mgongoni. Mama yake alibeba maji hivyo hivyo, na Wamucii alianza akiwa msichana mdogo. Miaka mingi ya mkanda ilikuwa imemwachia bonde dogo kichwani. Wajukuu, watoto wa mwanawe Griffins, walipokuja kutoka mtaa wa Skuta mjini Nyeri wakati wa likizo, walipenda kupitisha kidole humo.

"Cucu, hapa palichimbwa na nani?" waliuliza.

"Palichimbwa na mto," bibi yao aliwajibu, nao wakacheka.

Mto ulikuwa chini kabisa bondeni. Kushuka kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kupanda. Wamucii alikwenda mara tatu kwa siku, kwa sababu nyumba ilitaka maji, ng'ombe wawili walitaka maji, na nguo nazo zilitaka maji.

Mumewe, Mutahi, hakuwa mtu mbaya. Alikamua ng'ombe na kupeleka maziwa kituoni. Alilima viazi na kabeji. Kila mvua zilipokaribia, alimkagulia mkewe gambuti zake za mpira, na zikiwa zimetoboka alimnunulia mpya. Lakini maji hakuwahi kubeba hata siku moja. Katika kijiji chao, karibu na Endarasha, mwanamume wa umri wake hakuvaa mkanda kichwani. Hakuna aliyesema ni mwiko. Ilijulikana tu.

Mwezi wa tatu, mwakilishi wa wadi yao alifika nyumbani kwao. Jina lake lilikuwa Nyawira. Alikuja kwa miguu, viatu vyake vikiwa vimejaa tope, pamoja na Mwai, fundi wa maji wa kaunti. Mwai alikuwa amebeba vigingi vya mbao na karatasi kadhaa.

"Baba, hamjambo hapa?" Nyawira alisalimu.

"Hatujambo, Mheshimiwa. Karibu. Kura bado ziko mbali, au nimesahau mwaka?"

Nyawira alicheka. "Leo sijaleta kura, Baba. Nimeleta maji. Tumepata mradi wa kuteremsha maji kutoka msituni kwa paipu. Yatafika kwako na kwa nyumba kumi na mbili zilizo chini yako. Lakini njia ya paipu inapita katika shamba lako. Ndiyo maana nimekuja kukuomba ruhusa."

Mwai alimnyooshea karatasi. Mutahi aliingiza mikono yote miwili katika mifuko ya koti lake.

Hiyo ilikuwa tabia yake tangu zamani. Akiona karatasi ya serikali, mikono iliingia mfukoni. Mwaka mashamba yalipopimwa, baba yake alibandika kidole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma. Baadaye aliambiwa kwamba kona ya shamba lake, ile yenye udongo mweusi, ilikuwa ya mtu mwingine. Baba yake alikufa akiitazama kona hiyo. Mutahi alienda shule na alijua kusoma. Lakini woga wa baba yake ulikuwa umemwingia.

"Sisaini kitu," alisema.

"Mzee, si unaweza kuisoma kwanza?" Mwai aliuliza.

"Nikishaishika mtasema nilikubali."

Nyawira hakukasirika. Alimgeukia Wamucii, ambaye alikuwa akimimina chai. "Na Mama anasemaje?"

Wamucii alifungua mdomo. Mutahi alimtangulia. "Mambo ya shamba ni yangu, Mheshimiwa. Yeye kazi yake ni nyumba."

Wamucii alifunga mdomo, akawapa wageni chai.

Kesho yake, kwenye kituo cha maziwa, Mutahi alikutana na Moffat. Moffat alijua habari za kila mtu, hasa zile ambazo hazikuwa za kweli.

"Umefanya vizuri kukataa," Moffat alisema. "Ati wakishaweka paipu, serikali inachukua shamba kutoka ukingo mpaka ukingo. Hata mwiba huwezi kupanda. Kuna mtu upande wa Karatina alifukuzwa pamoja na ng'ombe wake."

"Mtu gani?"

"Jina limenitoka. Lakini alifukuzwa."

Mutahi hakuuliza zaidi. Alikuwa amesikia alichotaka kusikia.

Nyawira alirudi mwezi wa tano, safari hii peke yake. Alimkuta Wamucii njiani akipanda kutoka mtoni. Alimwomba mtungi. Wamucii alikataa kwa aibu, lakini Nyawira alivua koti lake akavaa mkanda kichwani. Alipumzika mara nne kabla ya kufika. Mutahi alipomwona akiingia kwa lango ameinama, jasho likimtiririka, hakujua aangalie wapi.

"Baba, nisikilize," Nyawira alisema alipopata pumzi. "Watu hufikiri mimi natembea na miradi kwenye mkoba. Sivyo. Kazi yangu ni kupeleka maombi yenu katika bunge la kaunti, yaingie kwenye bajeti, kisha nifuatilie kama kazi inafanywa vile ilivyoandikwa. Haya maji yameingia kwenye bajeti. Lakini siwezi kupitisha paipu kwa shamba la mtu bila ruhusa yake. Wala sitaki. Na mwaka wa serikali unaisha mwisho wa mwezi wa sita. Kazi isipoanza, huu mradi unaweza kupelekwa mahali pengine."

"Na shamba langu?"

"Linabaki lako. Hati inabaki kwa jina lako. Paipu inazikwa chini. Juu yake unaweza kupanda viazi, maharagwe, majani ya ng'ombe. Usipande miti yenye mizizi mirefu, na usijenge nyumba juu yake. Paipu ikipasuka, fundi ataingia kuitengeneza. Ni hayo tu, na yote yameandikwa hapa."

Mutahi aliiangalia karatasi kwa mbali. Mikono ilikuwa mfukoni.

Nyawira aliweka nakala ya karatasi ile juu ya stuli. "Sikulazimishi, Baba. Isome tu." Kisha akaaga.

Mutahi hakuigusa. Wamucii aliikunja na kuiweka ndani ya Biblia yake.

Mwezi wa sita uliisha. Mradi ulipelekwa kijiji cha ng'ambo ya bonde. Jioni, Mutahi akiwa amekaa nje, aliweza kuona bati la tangi lao jipya liking'aa kwenye jua. Majirani wa chini hawakumtukana. Waliendelea kumsalimu. Waliacha tu kusimama kuzungumza.

Mvua za mwezi wa kumi na moja zilikuja na nguvu. Njia ya mtoni ikawa utelezi mtupu. Asubuhi moja chai ilichemka mpaka ikamwagika jikoni, na Wamucii hakuwa amerudi. Mutahi alitoka kumtafuta. Alimkuta katikati ya kilima, amelala ubavu, mkanda ukiwa bado kichwani. Mtungi ulikuwa umebingirika hadi chini.

"Baba Griffins," Wamucii alisema polepole, "maji yamemwagika."

Hilo ndilo lililokuwa likimsumbua. Maji.

Madaktari wa hospitali mjini Nyeri walisema nyonga imevunjika. Walimfanyia upasuaji. Alirudi nyumbani baada ya wiki tatu, akitembea kwa magongo mawili. Daktari alimwambia asibebe mzigo tena maisha yake yote.

Pesa za kumlipa mchota maji wa wiki hizo zilikuwa zimeisha, na sasa maji yalimngoja Mutahi. Siku ya kwanza alijaribu kubeba mtungi kwa mkono. Alifika robo ya njia, vidole vikakataa. Siku ya pili alivaa mkanda. Vijana waliokuwa wakipalilia kabeji walisimama kumtazama. Mmoja akasema, "Guka ameolewa!" Wenzake wakamcheka babu huyo.

Mutahi aliendelea kupanda. Hakuwa na pumzi ya kujibu. Mkanda ulimkata kichwa, shingo ikawaka moto, na alikuwa na safari mbili zaidi siku hiyo. Alipofika nyumbani aliketi kando ya mkewe na kuangalia lile bonde dogo juu ya paji la uso wake. Alikuwa ameliona kwa miaka arobaini na minne. Siku hiyo ndipo alipoelewa limetengenezwa na nini.

Siku ya tano, jioni, alikuta mtungi uliojaa maji mlangoni. Siku iliyofuata pia. Siku ya saba alijibanza nyuma ya zizi ili aone. Alikuwa Wangechi, mjane aliyeishi chini ya shamba lake. Nyumba yake ilikuwa ya kwanza katika zile kumi na mbili. Alitua mtungi polepole, akanyoosha mgongo, akageuka kwenda zake.

Mutahi alitoka. "Wangechi, kwa nini unaniletea maji? Mimi ndiye niliyekunyima."

"Sikuletei wewe," Wangechi alisema. "Namletea Wamucii. Wewe utakunywa yanayobaki."

Akaenda. Mutahi alisimama pale na mtungi wa mtu aliyemkosea, na machozi yakamjaa machoni.

Aliingia ndani. "Mama Griffins, ile karatasi iko wapi?"

Wamucii alimpa Biblia. Mutahi alivaa miwani yake, akasoma mstari kwa mstari. Ilikuwa kurasa mbili tu. Kila jambo alilosema Nyawira lilikuwa humo. Shamba lilibaki lake. Hakuna ng'ombe aliyefukuzwa. Mwishoni palikuwa na mistari miwili ya sahihi: mmoja wa mume, mmoja wa mke.

Alivua miwani. Kusoma kurasa hizo kulimchukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai.

Jumatatu alikwenda ofisi ya wadi. Alijiandaa kukaripiwa. Nyawira alimvutia kiti, akauliza kwanza, "Mama anaendeleaje? Anaweza kufika jikoni?"

"Anafika kwa magongo. Mheshimiwa, nimekuja kutia sahihi."

Nyawira aliinamisha kichwa. "Baba, nimefurahi. Lakini sitakudanganya. Ule mradi ulikwenda. Itabidi tuanze upya. Kaunti itaita mkutano wa kukusanya maoni ya wananchi kuhusu bajeti. Njooni wote. Semeni mnataka maji, na mhakikishe karani ameyaandika. Yakiandikwa, nami nitakuwa na kitu cha kushika huko bungeni. Yasipoandikwa, nitakuwa napiga kelele tu."

"Itachukua muda gani?"

"Mwaka, huenda zaidi."

Mutahi alifikiria ile safari ya kilima, mara tatu kwa siku, kwa mwaka mzima. Hakulalamika. Alijua ni nani aliyeileta.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa kanisa. Zamu yake ilipofika, Mutahi alisimama, na mikono ikaingia mfukoni kama kawaida.

"Mzee, toa mikono kwanza!" Wangechi alisema kutoka nyuma, na ukumbi mzima ukacheka. Hata Mutahi alitabasamu. Akaitoa.

"Mimi ndiye niliyefunga mfereji kabla haujafunguliwa," alisema. "Niliogopa karatasi ambayo sikuisoma. Niliamini maneno ya kituo cha maziwa. Na mwenye kubeba maji katika nyumba yangu, sikumuuliza. Sasa hawezi kuteremka mtoni tena. Naomba mnisamehe. Karani, andika kwamba paipu itapita kwangu."

Moffat alinong'ona, "Mimi nilisema nilisikia tu. Sikusema ni kweli."

Macho ya wote yalikuwa kwenye daftari. Karani aliandika. Wangechi alienda mbele kuhakikisha ameandika.

Kungoja kulikuwa kurefu. Bajeti ilipita, kisha ukaja wakati wa kumtafuta mkandarasi. Nyawira alifika kijijini mara kwa mara kueleza kazi imefika wapi, hata siku ambazo hakuwa na habari njema. Mwai alipoleta karatasi mpya, Mutahi aliisoma kwa sauti, yote, mkewe akisikiliza. Kisha akampa Wamucii kalamu.

"Anza wewe."

Wamucii aliandika jina lake polepole, kwa herufi kubwa. Mutahi akaandika lake chini ya la mkewe.

Maji yalifika siku ya Alhamisi, miaka miwili na zaidi tangu Nyawira alipokuja mara ya kwanza. Kutoka mlangoni hadi mfereji wa bomba zilikuwa hatua kumi na moja. Wamucii alizitembea kwa magongo yake, akapumzika mara moja katikati. Alifungua mfereji. Ulikohoa, ukatema udongo, kisha maji yakatoka meupe. Huko chini, kwa Wangechi, mtu alipiga kigelegele.

Mtungi ulipojaa, Mutahi aliinama, akachukua mkanda na kuuvalisha kichwani kwa mazoea.

"Baba Griffins, unapeleka maji Nanyuki?" Wamucii aliuliza. "Jikoni ni pale."

Mutahi alivua mkanda. Alitazama mlango, akatazama mfereji. Hatua kumi na moja. Kisha akatazama magongo.

"Siku ile ungesema nini?" aliuliza. "Mheshimiwa alipokuuliza, nami nikakukatiza."

"Ningesema ndiyo."

"Najua."

Maji yalikuwa yakidondoka tone moja moja. Katikati ya shamba, udongo uliofukiwa juu ya paipu ulionekana kama mstari mrefu mwekundu.

"Hicho kipande cha juu ya paipu," Mutahi alisema, "tupande nini?"

"Viazi," Wamucii alisema mara moja, kama mtu aliyekuwa na jibu siku nyingi, akingoja tu kuulizwa.