Bakuli la Sungura

Kila asubuhi mama yake Okju alipakua wali. Wake aliutia kwenye bakuli la kawaida. Wa Okju aliutia kwenye bakuli dogo la mtoto, lenye picha ya sungura. Okju alikuwa na miaka arobaini na mbili.

"Kula polepole, utashiba," mama alisema.

"Nimeshashiba, mama."

"Uongo huo. Lakini ni uongo mzuri, endelea nao."

Bakuli hilo lilitoka kabatini siku Okju aliporudi nyumbani na talaka yake. Mumewe alikuwa amemwambia mbele ya ndugu, "Nilioa msichana, sasa nalala na gunia." Ndugu wakacheka. Mama yake Okju naye akasema mume ana haki. Inauma, jamani. Mtu baki akikutukana utamjibu. Mzazi utamjibu nini?

Okju aliuza kimchi, yaani kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, na mboga nyingine za kuchacha katika soko la mji wa Mokpo, Korea. Kila siku Pyo, muuza tofu wa sokoni hapo, alimletea dukani tofu, ile jibini ya soya, bado ya moto. Pyo alifiwa na mkewe miaka mitano iliyopita.

"Dada Okju, umeshakula?" aliuliza. Wote sokoni huulizana hivyo na kupita. Pyo alisimama kusubiri jibu.

Siku moja akasema, "Jumapili njoo kwangu tule. Napika mwenyewe. Chumvi ikizidi, vumilia."

Moyo wa Okju uliruka kwa furaha. Lakini mdomo ukasema, "Nipe mwezi mmoja kwanza. Nina shughuli."

Shughuli yenyewe ilikuwa kupunguza kilo kumi.

Mama akamnunulia dawa ya kukonda kwa mtu wa mitishamba. Ilikuwa maji meusi, machungu, katika pakiti. Okju alikunywa pakiti tatu kwa siku. Chakula cha mchana akakiacha. Baada ya wiki moja mikono ilitetemeka. Usingizi ukapotea. Moyo ulienda mbio hata akiwa amekaa.

"Ndiyo dawa inafanya kazi," mama alisema. "Mafuta yanaungua."

Mwezi ukaisha. Kilo zilizopungua ni tatu tu.

"Jumapili hii unakuja?" Pyo aliuliza. "Kama hunitaki sema, mimi si mtoto."

"Nitakuja."

Jumamosi Okju alikwenda kwenye bafu la umma. Aliingia chumba cha joto ili atoke jasho, apungue zaidi. Alikaa muda mrefu mno. Alipoinuka, chumba kikazunguka. Akaanguka.

Guisun, mama anayewasugua wateja migongo humo bafuni, alimvuta nje na kumlaza penye ubaridi. Alimshika mkono.

"Moyo wako unakimbia! Umekunywa nini?"

Okju akamweleza yote.

"Sikia, mwanangu. Jasho ni maji, si mafuta. Ukinywa maji, kilo zinarudi. Na hiyo dawa hujui ina nini ndani. Mteja wangu mmoja alikunywa ya namna hiyo. Nilimsugua mgongo Jumanne. Ijumaa tukamzika."

"Alikuwa amepungua?" Okju aliuliza.

Guisun alimtazama kwa hasira. "Alipungua sana. Hata waliobeba jeneza hawakuchoka."

Okju akalia. Aliona aibu kwa swali lake kuliko kwa mwili wake uchi.

"Vaa," Guisun akasema. "Twende kwa daktari. Pakiti ya dawa uje nayo."

Daktari alimpima. Presha ilikuwa juu. "Dawa hii ina mmea unaokimbiza moyo," alisema. "Iache leo. Kula milo mitatu, tembea kila siku, urudi nikupime. Ukitaka kupungua, njoo tufanye taratibu. Na mtu yeyote akiona moyo unaenda mbio hivyo, asingoje aanguke."

Jumapili Okju alikwenda kwa Pyo. Alimweleza mwezi ule ulikuwa wa nini.

Pyo aliweka mwiko chini. "Kumbe mwezi mzima nimekula peke yangu kwa sababu ya kilo? Mimi nilimwalika Okju. Kilo zake sikuziuliza."

Akachukua bakuli la mtu mzima. Akatia wali, akaushindilia, akaongeza. Okju alikula huku machozi yakidondokea kwenye supu. Aliililia miaka yote aliyokula kwa kuibia. Ile haitarudi.

"Chumvi imezidi?" Pyo aliuliza.

"Imezidi. Niongeze."

Wiki tatu zikapita. Jioni Okju na Pyo walitembea pamoja hadi bandarini. Daktari alimpima tena: presha imeshuka, moyo umetulia. Usingizi ulirudi. Kilo tatu nazo zilirudi.

Kesho yake asubuhi mama alimtazama kuanzia juu hadi chini. "Hujapungua."

"Sijapungua, mama. Nimepona."

Okju akachukua bakuli la kawaida, akapakua wali mwenyewe. La sungura akamsogezea mama.

"Sasa hili nani atalitumia?" mama alifoka. "Humu ndani hakuna mtoto!"

"Hilo ndilo nasema, mama," Okju akajibu, akaanza kula.