Daraja Lililoanguka Mbele ya Wazazi

Siku ya darasa la sita kuingia chumba cha kompyuta, hakuna aliyehitaji kusukumwa. Viatu vilivuliwa mlangoni, miguu ikafutwa kwenye gunia lenye unyevu, na aliyekuwa zamu akapitisha kitambaa kikavu juu ya kila mashine. Mashine zenyewe zilikuwa kuukuu. Moja ilinguruma kama jokofu bovu, nyingine ilikuwa imeng'oka herufi kwenye kibodi, na zote ziliwaka pale zilipojisikia. Zikishawaka, watoto walijenga madaraja.

Ulikuwa mchezo, lakini mchezo wenye masharti. Skrini inakuonyesha mto na kingo zake mbili. Unapewa nguzo na mihimili, unaunganisha unavyojua, kisha unaliita lori lipite. Mhimili unaoelemewa hugeuka wa njano, halafu mwekundu, halafu hukatika, na lori hutumbukia majini kwa mlio unaochekesha. Hapo unaanza upya. Mwalimu wa kompyuta, kijana mrefu aliyeinama kila alipopita mlangoni, aliutumia mchezo huo kufundisha somo la nguvu na mizigo. Aliyevusha lori alibandikiwa nyota mbele ya jina lake kwenye chati ya ukutani.

Mkuu msaidizi wa shule hakutaka hata kuusikia. "Hapa ni shule, si kibanda cha michezo," alisema siku moja, amesimama ndani ya chumba na viatu vyake miguuni. "Nina madawati mabovu yananyeshewa nje. Siku ya kikao cha wazazi nionyesheni kitu kimoja ambacho watoto wamejifunza humu. Mkishindwa, madawati yanaingia na mashine zinatoka."

Mwalimu wa kompyuta aliitikia. Kuanzia siku ile darasa zima lilikuwa na kazi moja, kuijaza chati nyota.

Aliyepata dawa ni mvulana waliyemwita Profesa, kwa sababu ya miwani yake na kwa sababu alikuwa na jibu la kila swali, hata lisiloulizwa. Aligundua kwamba lori likifika katikati, ukibonyeza kitufe cha kusimamisha kisha ukaachia, linarukia ukingo wa pili lenyewe. Uwe umejenga kwa akili au kwa uvivu, nyota unapata. Siri ikazunguka darasani kwa kunong'onezana. Chati ikajaa, na mwalimu, maskini, akafurahi.

Msichana mmoja tu hakubonyeza. Walimwita Mbishi tangu darasa la kwanza, alipogoma kutoka kwenye foleni ya maji akisema nafasi ile ni yake. Jina likamganda, naye akalipenda. Madaraja yake yaliendelea kuanguka, na mbele ya jina lake kwenye chati palikuwa na nyota chache za kutia huruma.

"Wewe naye, shida yako nini?" Profesa alimuuliza walipokuwa wakivaa viatu. "Kitufe kipo pale pale. Bonyeza, upate nyota, tumalize."

"Sibonyezi."

"Unatuharibia chati. Mkuu msaidizi akiona jina lako lilivyo tupu, atasema hatukujifunza kitu. Chumba kikifungwa, lawama ni zako."

"Kwani tumejifunza nini? Hebu nitajie kimoja."

"Acha ubishi."

"Nitauachaje na mmeshanipa jina? Sitawasema kwa mwalimu. Ila mimi mnitoe."

Wenzake walicheka, lakini hakikuwa kicheko cha kumpenda. Wiki ile hakuna aliyekubali kukaa naye kwenye mashine moja. Ilimuuma sana, ingawa alitembea kifua mbele na hakumwonyesha mtu.

Jioni moja mama yake alirudi kutoka kazini. Alikuwa dereva wa lori la kokoto, na kabla hajakaa alinawa mikono kwa sabuni ya unga ili kutoa grisi. Mbishi alimsimulia habari za kitufe huku akimmiminia maji. Mama alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha kicheko kikakatika.

"Hebu nisaidie, mwanangu. Nikifika katikati ya daraja na kokoto zangu, mimi nibonyeze wapi?"

Mbishi alimimina maji mpaka yakaisha.

"Basi wewe endelea kuangusha," mama alisema akijifuta mikono. "Wakinuna, waache wanune. Ila usiangushe bure. Angalia linaanzia kukatika wapi."

Kuanzia hapo Mbishi aliacha kulitazama lori, akawa anazitazama rangi. Aliona mhimili gani unawahi kuwa mwekundu, na kwa nini. Aliangusha, akajenga, akaangusha tena, peke yake kwenye mashine iliyonguruma.

Siku ya kikao wazazi walibanana chumbani, na viatu vikajaa mlangoni mpaka uani. Hata mkuu msaidizi alivua vyake, kwa shingo upande. Mama yake Mbishi alisimama nyuma na ovaroli yake ya kazi.

Profesa alitangulia. Lori lake lilifika katikati, kidole chake kikacheza chini kwa chini, na lori likatua ng'ambo. Wazazi wakapiga makofi.

"Vizuri," alisema mkuu msaidizi. "Sasa tueleze. Kwa nini halikuanguka?"

Profesa aliweka miwani yake sawa. "Kwa sababu ni imara, mwalimu."

"Ni imara kwa sababu gani?"

Mwenye jibu la kila swali akakosa jibu la swali hilo. Mkuu msaidizi aliwageukia wazazi. "Mmejionea wenyewe. Nyota zimejaa ukutani, maelezo hakuna."

"Mwalimu, naomba na mimi," alisema Mbishi, ambaye alikuwa ameshakaa kabla ya kuruhusiwa.

"Haya. Weka lori zito kuliko yote," alisema mkuu msaidizi.

Lori zito likaingia darajani. Mhimili wa chini ukawa mwekundu, ukakatika, na mlio wa maji ukasikika chumba kizima. Mtu mmoja alicheka nyuma. Mwalimu wa kompyuta alifumba macho.

"Na hili je?" mkuu msaidizi aliuliza.

"Limeanguka, mwalimu. Niulize kwa nini."

Mkuu msaidizi hakuzoea kupangiwa maswali na mtoto. Hata hivyo akauliza, "Kwa nini?"

"Hapa niliacha umbo la pembe nne. Likikandamizwa, linalala upande. Nikipitisha mhimili wa mshazari napata pembetatu mbili, na pembetatu hailali." Aliuweka mhimili, akaliita lori. Likapita katikati salama, kisha likatumbukia karibu na ukingo wa pili.

Sasa waliocheka walikuwa wengi. Masikio ya Mbishi yaliwaka moto. Profesa aliinama karibu naye. "Bonyeza tu," alinong'ona. "Utatuponza."

"Sibonyezi," Mbishi alisema kwa sauti iliyofika mpaka nyuma. "Litavuka lenyewe au lisivuke kabisa."

"Abonyeze nini?" mkuu msaidizi aliuliza.

Darasa zima lilitazama sakafu. "Waulize wengine, mwalimu," Mbishi alisema bila kuondoa macho kwenye skrini. "Mimi nina kazi." Alisogeza nguzo ya mwisho karibu na ukingo, kwa sababu mhimili wa mwisho ulikuwa mrefu mno, akafunga pembetatu nyingine chini yake. Lori likaingia kwa mara ya tatu. Mihimili ikageuka ya njano mmoja baada ya mwingine, ikabaki hivyo, na lori likatoka upande wa pili polepole. Wa kwanza kupiga makofi alikuwa mama mwenye ovaroli.

Makofi yalipotulia, Profesa alikuwa amesimama.

"Ni kitufe cha kusimamisha, mwalimu. Ukikibonyeza lori linaruka. Nilikigundua mimi, nikawafundisha wote. Yeye peke yake ndiye aliyekataa. Naomba nirudie langu bila kubonyeza."

Alirudia. Daraja lake lilikatika kabla magurudumu yote hayajaingia, na safari hii hakuna aliyecheka. Mwalimu wa kompyuta alikwenda kwenye chati akaanza kubandua nyota, moja moja. Zilipobaki zile chache za Mbishi, aliacha.

"Basi mimi nilikuwa sahihi," mkuu msaidizi alisema. "Wamecheza, wakadanganya."

"Umepatia nusu, mwalimu," mama yake Mbishi alisema. "Mimi napita juu ya madaraja kila siku. Ningependa aliyeyajenga awe ameshaangusha mengi mahali ambapo hakuna dereva ndani ya lori."

Mkuu msaidizi aliigeukia chati iliyobaki karibu tupu. Kisha akawatazama watoto.

"Sikilizeni," alisema hatimaye. "Nilidhani mchezo huu ni wa kukwepa kazi. Nilikosea. Humu ni mahali pa kukosea bila mtu kuumia, na hiyo ni bahati ambayo sisi tuliosoma zamani hatukuwa nayo. Lakini inamfaa yule tu anayekubali kwamba amekosea. Ukilificha kosa lako hapa, utatoka nalo, na huko nje lori lina mtu ndani. Madawati nitayatafutia turubai. Chumba kinabaki."

Alivuta kiti cha Profesa, akakaa, akaanza kuunganisha nguzo na mihimili kwa vidole vizito. Lori lake lilipofika katikati, daraja lilikuwa jekundu kotekote. Mkono wake ulielekea kwenye kitufe. Chumba kizima kilimtazama.

Mkuu msaidizi alikunja mikono kifuani, akaliacha lianguke.

"Haya, Mbishi," alisema mlio wa maji ulipoisha. "Sogea hapa unionyeshe nilipokosea."